Binti Mokrane Anaimba Redioni

Agouni Tala, 3 Machi 1975

Fetta, binti ami yangu,

Salamu zitangoja, maana nina jambo linaniwasha ulimi. Jana tulikuwa chemchemini, wanawake wote na mitungi yao, na mke wa mwalimu kaja na redio yake ndogo, kama kawaida yake ya kujishaua. Mara mtangazaji akasema sasa tumsikilize msichana mpya, anaitwa Tanina. Tanina gani? Ulipofungua mdomo tu, nikauachia mtungi wangu ukavunjika. Ule ni wimbo wa kuchuma zeituni wa shangazi Djouher! Umeuvalisha gauni la mjini na gitaa pembeni, lakini mwendo ni ule ule, hata ile pumzi anayoivuta kabla ya kupanda juu umeiiba.

Chemchemi nzima ikanyamaza. Unaijua chemchemi yetu, haijawahi kunyamaza ila kwa msiba. Shangazi akaketi juu ya jiwe, akajifunika uso. Nikadhani analia, kumbe anacheka. "Yule mtoto," akasema, "nilimwambia tangu zamani, fungua mdomo mwanangu, unaimba kama umeng'ata uzi. Haya, kaufungua, nchi nzima imesikia."

Sasa la pili, na hili utalisoma umekaa. Redio ya mkahawani inasema yale yale ya redio ya chemchemini. Ami Mokrane alikuwa huko na wanaume wenzake, kaka yangu Saïd alikuwepo. Wimbo ulipoanza watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, maana sauti za ukoo wetu nani asiyezijua? Baba yako akasimama. Kahawa haijaguswa. Akatoka bila kuaga. Alipofika nyumbani akamwambia shangazi maneno manne tu: "Huyo asikanyage kizingiti changu." Na baba yako akishasema, unamjua. Afadhali umwombe mlima usogee.

Nimekuandikia kama ilivyo kwa sababu wengine watakuongezea chumvi. Ulituambia unasomea uuguzi. Mwongo mkubwa wee! Lakini Fetta, mimi nilikuwa pale. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nalala nawe kitanda kimoja tukiwa watoto, ukinipiga mateke, na sikujua nimelala na kitu cha namna hiyo.

Ouiza wako

*

Algiers, 21 Machi 1975

Ouiza, mpenzi wangu mwenye ulimi wa wembe,

Uuguzi nasoma kweli, mtihani ni mwezi wa sita. Kuimba kumeniingilia tu. Rafiki yangu wa bwenini alinipeleka redioni Alhamisi moja, kwenye kwaya ya wanawake. Ungewaona! Wanakuja wamejifunika, kila mmoja na jina la kubandika. Kuna mama mmoja sauti yake inaweza kupasua kioo, na mumewe mpaka leo anajua anakwenda kupiga deki ofisini. Siku hiyo mwimbaji mmoja hakutokea, alifungiwa na kaka zake. Bwana wa redio akauliza nani ana wimbo. Nikasema ninao.

Walinisikilizisha baadaye kwenye vifaa vyao. Ouiza, niliogopa. Sikuamini ni mimi. Nilihisi kama wanawake wote walionitangulia, waliokuwa wakiimba juu ya ngazi wakichuma bila mtu kuwaandika jina, wamepanga foleni kooni mwangu. Sasa niambie, mtu aliyeonja hivyo anarudije kukaa kimya?

Kuhusu Baba nimelia mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaniletea maji. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Mama alipofariki ni yeye aliyekuwa akinisuka nywele, akizisuka vibaya, na nikaenda nazo shule hivyo hivyo kwa sababu ni yeye aliyezisuka. Mwambie sikuimba jambo la aibu. Mwambie nataka kuja msimu wa zeituni, kama kila mwaka. Muulize tu kama naweza. Jibu lolote nitalipokea, lakini muulize.

Fetta

*

Agouni Tala, 9 Desemba 1975

Fetta,

Nimemuuliza. Nilingoja hasira zipoe na msimu ukaribie; siku hiyo nikangoja mpaka akamaliza kula, nikampelekea kahawa mwenyewe, nikasema, "Ami, Fetta anauliza habari za zeituni." Akanitazama kama mtu anayetazama mvua. Akasema, "Nilisema neno, Ouiza. Mtu hana maneno mawili." Basi. Nikachukua kikombe nikaondoka zangu.

Tumeshachuma. Mzeituni mkubwa, ule wa nyuma ya nyumba yenu, mwaka huu ulizaa mpaka matawi yakawa yanaomba msaada. Shangazi Djouher alipanda ngazi mwenyewe, na umri ule, akaimba. Baba yako alikuwa upande wa pili akipiga matawi kwa fimbo.

Mkahawani ni vile vile. Kila wimbo wako ukipigwa, anainuka anatoka. Mwenye mkahawa sasa akimwona anaingia anapunguza sauti, wenzake wanalalamika. Anakokwenda akitoka hakuna ajuaye.

Kinachoniumiza zaidi ni shangazi. Tangu arudi mjane anaishi kwa kaka yake, anapika, anafua, na hana hata kijiti kilichoandikwa jina lake. Ami akifa leo, ardhi yote inakwenda kwa baba yangu na kaka zangu, maana ami hana mtoto wa kiume, na wewe mtoto wa kike ni upepo tu kwa desturi zetu. Shangazi ataishi kwa huruma ya baba yangu. Na huruma ya baba yangu unaijua, haijazi kijiko cha chai. Juzi nilimkuta anagusa gome la mzeituni ule, anaupapasa kama ng'ombe wake. Nikamuuliza, "Unafanya nini shangazi?" Akasema, "Naaga mapema."

Ouiza

*

Paris, 14 Oktoba 1979

Ouiza wangu,

Kimya changu kimekuwa kirefu, nisamehe. Kadi za sikukuu si barua, najua. Pale redioni wakubwa walianza kunipunguzia dakika, mara lugha yetu ya mlimani haina nafasi, mara nyimbo zangu zina maneno mengi. Wakanipunguza hadi nikaisha. Nikaja huku. Asubuhi nafunga vidonda vya wazee hospitalini, jioni nashika gitaa.

Ile barua yako ya shangazi kupapasa mti nimeibeba kwenye mkoba miaka yote hii. Mwaka huu ikageuka wimbo. Huu hapa mwanzo wake, msomee:

Maji ya nyumba hii nimeyachota mimi,
kuni za nyumba hii zimenichubua mgongo,
watoto wa nyumba hii nimewabembeleza;
siku ya kugawa mwasema: huyu ni mgeni.

Nimeurekodi kwenye kaseti. Jumapili iliyopita niliuimba kwenye ukumbi wa vyama vya wafanyakazi. Nilitegemea wanaume wa viwandani, ndio wanaokuja siku zote. Ouiza, wakaja wanawake. Mama zetu, na vitambaa vyao vya kichwani, na mikoba imekumbatiwa kifuani kama watoto, wengine tangu wafike Ufaransa hawajawahi kutoka nje ya mtaa wao. Nilipofika ubeti wa pili walikuwa wameshaushika. Mbele yangu ukumbi mzima ukasimama, ukaimba, na mimi nikaacha gitaa kwa sababu hapakuwa na haja yangu tena. Mama mmoja akanijia mwisho, akanishika mashavu yote mawili, akasema, "Binti, nani alikuambia habari zangu?"

Nimeanza kukaa na kundi la wanawake, wanasheria na walimu, wanaopigania sheria ya familia inayotungwa kwetu isitufanye watoto wadogo wa maisha. Wao wana hoja. Mimi nina wimbo. Wananiambia wimbo unaingia mahali hoja inapofungiwa mlango.

Kaseti nakutumia kwa mkono wa mtoto wa Bi Aldjia, anakuja likizo. Usimpigie Baba huo wimbo. Au mpigie. Sijui. Bado anainuka?

Fetta

*

Agouni Tala, 2 Septemba 1980

Fetta, dada yangu, moto wa mlimani,

Bado anainuka.

Hiyo ndiyo habari fupi. Ndefu ni hii: kaseti yako imenakiliwa mpaka sauti imeanza kukwaruza, na bado wanainakili. Arusi haipiti bila wimbo wako. Majuzi wanawake wa Algiers waliandamana kuipinga ile sheria ya familia, na binti ya mwalimu alikuwepo, anasema walitembea wanauimba, hata wale wasioijua lugha yetu walishika kiitikio. Fikiri! Maneno ya shangazi Djouher, ambaye hajawahi kuvuka mto, yanatembea barabara kuu ya mji. Nilipomwambia aliacha kupepeta unga. Akauliza, "Walikuwa wamevaa viatu vizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sawa."

Lakini wanaume wamechafukwa. Ijumaa baraza la kijiji lilikaa. Wengine walitaka kaseti ipigwe marufuku, baba yangu akiwa kinara. Sisi tulikuwa madirishani kama kawaida, baraza lina masikio mengi kuliko midomo. Wote wakamgeukia baba yako, maana ndiye mkubwa wa ukoo na aliyeimba ni damu yake. Nikasema moyoni, haya ami, leo ndiyo leo.

Akasimama, akasema: "Kaseti ni plastiki, mkitaka choma. Lakini mjue hivi. Ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke. Ndivyo wazee walivyofanya, na mimi sitakuwa wa kuvunja." Akaketi. Baba yangu akampiga bega kwa furaha. Shangazi akafunga dirisha taratibu.

Hujasikia yote. Tangu siku hiyo anazunguka shambani na patasi, anachonga alama kwenye mizeituni. Kila mti alama. Baba yangu anatembea kijijini tumbo mbele, anasema kaka yake anampangia kila kitu kabla hajazeeka zaidi. Unaelewa sasa? Anamwachia baba yangu miti angali hai. Hata ule wa nyuma ya nyumba nimeuona una alama. Fetta, nilikuwa namwogopa ami, nilikuwa namheshimu hata alipokukosea. Leo nimepita mbele yake sikumbusu kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani.

Samahani kwa kukupa sumu hii. Nani mwingine nimwambie?

Ouiza

*

Paris, 25 Septemba 1980

Ouiza,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi na koti langu, sijalivua mpaka sasa.

Miaka mitano nimemtetea. Waandishi wa magazeti wakiniuliza baba yako anasemaje, nawaambia baba yangu ni mtu wa haya, muda utafika. Nimewaimbia baba za watu wote duniani nikamruka wangu. Basi. Leo nimemaliza adabu.

Nimeandika wimbo mwingine, umekuja wote kwa pigo moja. Nimeuita Kizingiti.

Baba yangu aliinuka, kikombe kingali moto,
akanifungia mlango kwa wimbo wa dada yake.

Mengine utayasikia. Hakuna aliyesitiriwa humo. Jumamosi nauimba mbele ya umati mkubwa kuliko wote niliowahi kuupata, na redio ya wahamiaji itarekodi. Kisha naondoka na bendi, Lyon, Marseille, miji ya kaskazini, mpaka karibu na mwisho wa Oktoba. Atausikia. Kama ataondoka mkahawani, safari hii itambidi aondoke kijijini, maana nyumba zote zitakuwa zinauimba.

Mbusu shangazi. Mwambie ardhi sina, lakini ana chumba kwangu hapa, ghorofa ya sita, hakuna lifti.

Fetta

*

Agouni Tala, 29 Septemba 1980

Fetta! Fetta! Fetta!

Barua yako sijui iko wapi, na sitaki kuingoja. Choma ile yangu. Mimi ni punda, na baba yangu ni punda mkubwa zaidi, naomba radhi kwa wazazi.

Jana baraza lilikaa tena, kupanga siku ya kuanza kuchuma, maana hakuna anayegusa zeituni kabla ya siku hiyo. Mwishoni baba yako akasimama na lile joho lake jeupe la sufu, lile la Idi. Nikajiuliza, amevalia nini leo? Akasema: "Nina mashahidi hapa, sikilizeni. Kila mti wenye alama ya mkufu, kuanzia ukutani hadi kwenye mkondo, nimempa dada yangu Djouher. Na mzeituni mkubwa wa nyuma ya nyumba yangu nimempa binti yangu Fetta."

Fetta, madirishani tulikanyagana tusikie.

Baba yangu akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Wewe si ulisema hapa hapa ardhi haiendi kwa mwanamke?"

"Nilisema. Na haiendi. Udongo wote utakuwa wako na wanao nikifa. Nimetoa miti."

"Miti si iko juu ya udongo!"

"Kondoo wako nao wako juu ya udongo wa nani wakila kwangu?"

Watu wakacheka, na baba yangu akageuka rangi ya bilingani. Wakamtazama Dda Belaïd, yule mzee kuliko wote, ndiye anayeijua desturi mpaka mizizi. Akachezea fimbo yake, akachukua muda wake, unamjua, hata kupiga chafya anafikiria kwanza. Akasema, "Mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Babu yangu alikuwa na mtini ndani ya shamba la watu wa ng'ambo ya mto, na akala tini zake mpaka kufa kwake. Mokrane hajavunja kitu."

Baba yangu hakukubali kushindwa. Akasema, na kwa kweli nilitamani kupita dirishani nimzibe mdomo, akasema: "Vizuri. Binti huyo atauchuma vipi mti wake? Njia ya kwenda kule inapita ndani ya ua wako, juu ya kizingiti chako. Na wewe uliapa asikikanyage. Au na hilo umelifuta?"

Baba yako akamgeukia Dda Belaïd. Alikuwa anamtazama yeye tu. Nikaona mikono yake, ilikuwa imelishika joho kwa nguvu, na hapo, Fetta, nilielewa. Alikuwa anamngoja mzee aseme.

Na mzee akasema: "Mwenye mti hazuiwi njia ya kwenda kwenye mti wake. Si kwa ukuta, si kwa kiapo. Kiapo cha Mokrane kilikuwa cha mwenye nyumba. Njia ni ya mwenye mti. Apite."

"Mmesikia," akasema baba yako. "Mimi neno langu halijabadilika." Akaketi.

Ana miti mingi, Fetta, bondeni kote. Angeweza kukupa wowote. Akachagua ule mmoja ambao huwezi kuufikia bila kupita mlangoni kwake. Miaka mitano anatafuta namna ya kukufungulia bila kuvunja neno, na namna ikamjia pale kwenye wimbo wako, ule wa kugawa. Alimwambia shangazi jana usiku. Alisema, "Mtoto anaimba ardhi, ardhi, ardhi. Hakuna aliyemwambia kuna miti?" Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa nimekulia hapa, nimeziona zile alama, na bado sikufikiri ila urithi wa baba yangu.

Shangazi alikwenda kwenye mti wake wa kwanza, akakaa chini yake kama bibi arusi, hakutaka kuinuka hata jua lilipokuchwa. Na tangu leo asubuhi wamekuja wanawake wawili wa kijiji cha juu kuniuliza, "Hivi alisema maneno gani hasa, Mokrane? Tuambie tukamwambie baba."

Nimembusu kichwa. Nimekibusu mpaka akanifukuza.

Njoo. Tunaanza kuchuma katikati ya Novemba.

Ouiza

*

Paris, 27 Oktoba 1980

Ouiza,

Nimerudi leo. Mwangalizi wa jengo alinipa barua zangu zote kwenye mfuko wa sokoni. Yako ilikuwa katikati, imekaa pale mwezi mzima ikiningoja.

Nimeshaimba.

Niliuimba Jumamosi ile, na Lyon, na Marseille, na kila mji. Ndio wimbo uliopigiwa makofi kuliko nyimbo zangu zote. Wasichana walilia. Lyon walikataa kuondoka ukumbini mpaka niurudie. Msichana mmoja pale aliniambia umempa nguvu ya kumwandikia baba yake barua ya kwanza baada ya miaka minane. Niliona mambo makubwa mwezi huu, Ouiza, niliona ukumbi umejaa watu wazima wakiwaita baba zao kwa sauti moja, na nilisimama pale juu nikiwa na kiburi cha mtu mwenye haki. Wakati huo huo yeye alikuwa amevaa joho la Idi akisimama mbele ya wanaume wenzake kwa ajili yangu.

Nimempigia simu mwenye studio nikamwomba azuie kaseti. Amenicheka, anasema elfu kadhaa zimeshatoka na nyingine ziko njiani kwenda Algiers. Nimeapa sitauimba tena. Nitamwandikia kila gazeti. Nitasema nilidanganya.

Nitakujaje? Nitapitaje mbele yake? Kama hajausikia, ficheni redio zote, nakuomba, vunja hata ile ya mke wa mwalimu, nitailipa. Kama ameshausikia usinifiche.

Fetta

*

Agouni Tala, 6 Novemba 1980

Fetta,

Ameshausikia.

Kaseti ilikuja na mtu wa basi Jumatano ya wiki jana. Mwenye mkahawa, mjinga yule, akaiweka bila kujua ina nini. Saïd anasema ubeti wa kwanza ulipotoka, wanaume walitaka kuingia chini ya meza. Baba yako akamaliza kusikia mistari miwili, akainuka, akatoka. Kama siku zote.

Nikaona sasa inatosha, nikaenda kwa shangazi. Nikamwambia, "Shangazi, ami anakwendaga wapi akitoka mkahawani?" Akanishangaa. "Mwanangu, huna macho? Anakuja bandani kwa punda. Ana redio yake ya kaseti kule, nyuma ya nyasi. Ulitaka akae asikilize sauti ya binti yake katikati ya wanaume, wamtazame uso? Mwanaume mwenye haya anafanya hivyo?" Nikasema, tangu lini? Akasema, "Tangu wimbo wa kwanza. Punda wetu anazijua nyimbo za Fetta kuliko wewe."

Nikakaa kwenye gunia la shayiri. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikuandikia ameinuka, ameinuka, na sikuwahi kumfuata hata mara moja kuona anakokwenda. Na wewe hukuniuliza. Sisi wawili na akili zetu za shule!

Nimemsomea barua yako yote. Usinikasirikie. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chukua kalamu." Nimeandika kama alivyosema, nimeiweka humu ndani. Alinikataza kunyoosha sentensi.

Ouiza

*

Agouni Tala, 6 Novemba 1980

Fetta,

Anayeandika ni Ouiza, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze kitu.

Mti wako nimeupogoa upande wa kaskazini, kuna tawi lilikuwa limekufa. Zeituni ni nyingi. Tunaanza Jumamosi ya tarehe 15, baada ya soko. Mwenye mti asipokuja, kwa desturi yetu nakuchumia nakuwekea mafuta, lakini mimi nimezeeka na ngazi sipandi tena. Kwa hiyo ni lazima uje.

Ule wimbo nimeusikia wote, nilikuwa na betri mpya. Kahawa haikuwa na moto, ilikuwa imepoa. Yule mwenye mkahawa ni mchoyo wa kuni tangu ujana wake. Sauti pale juu haikatiki tena kama ilivyokuwa ikikatika mwaka ule wa kwanza. Umejifunza kupumua. Nilikuwa nahangaika na pale kila mara ukipafikia.

Ouiza amenisomea kwamba unataka kuwaambia watu ulidanganya. Hukudanganya. Mlango nilifunga. Nilifunga mimi, na sikujua namna ya kuufungua, na miaka ikapita. Wimbo usiufute. Kama yule msichana wa mji ule amemwandikia baba yake, basi baba yake amepata barua, na mimi najua barua ikifika baba anakuwa nani.

Ukija usigonge. Njia ni yako. Ukitaka kuimba juu ya mti, imba, na shangazi yako ataitikia. Mimi nitakwenda bandani kama kawaida, ili uimbe vizuri.

Baba yako,
Mokrane